Kabati Jeupe, Ukuta Mweupe

Jumapili moja ya kiangazi, tukiwa tumeshavaa kwenda kusali, mke wangu alijigonga paji la uso kwenye mlango wa kabati. Mlango ule una tabia yake. Unaufunga, unageuka kufanya jambo lingine, nao unajifungua taratibu bila sauti na kubaki umening'inia katikati ya njia. Mwenye macho anaukwepa bila hata kujua kwamba ameukwepa. Mke wangu alitoka chumbani akifunga kilemba, akaufuata moja kwa moja.

Damu haikuwa nyingi, lakini ilishuka kando ya pua mpaka kwenye kitenge alichokuwa amekitunza kwa ajili ya siku hiyo. Nilimkalisha, nikalibana jeraha kwa kitambaa. Tukasikia kengele ya kigango ikipigwa nasi tuko pale pale. Tulisali rozari wawili tu, yeye ameshika shanga kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili, na kila nilipotaka kusimama kuangalia kama damu imekatika aliniambia nikae, fumbo halijaisha.

Ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi, na ninamshukuru kwa kutotudanganya, kwamba kilichopotea hakirudi, na matone anayotiwa asubuhi na jioni ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kama tundu la bomba. Anaona uso wako ukisimama mbele yake kwenye mwanga, lakini pembeni hakuna kitu, na kitu cheusi mahali pa giza hakipo kabisa. Sebule yetu ilikuwa hivyo. Dirisha ni dogo, kuta za udongo zimekula moshi wa taa za mafuta tangu kabla hatujapata sola, zikawa na rangi ya kahawa, na kwenye ukuta wa ndani kabisa lilisimama kabati la mninga, nalo jeusi kwa uzee.

Mchana ule binti yetu mkubwa alipiga simu kutoka Nyasubi, Kahama, anakouza vitambaa. Sijui nani aliwahi kumwambia. Kijijini kwetu, hapa nje kidogo ya Ushirombo, habari ya damu haingoji Misa iishe.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amefanya nini?"

"Amejigonga kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Mpe simu."

Mke wangu aliishika simu kama anavyoishika siku zote, mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, akasema kwa sauti ya kufika Kahama bila mtambo. "Marahaba, mayu, mama yangu. Mimi mzima. Aliyeumia ni kabati."

Binti hakucheka. Alisema mavuno yakishakwisha atakuja na gari ya mume wake, na akikuta alama nyingine usoni kwa mama yake atarudi naye, na hataki maneno. Mume wake alifanya kazi mgodini Buzwagi mpaka ulipofungwa, sasa anaendesha gari la mizigo, na nyumba yao ina chumba kimoja cha ziada. Chumba hicho, alisema, kimeshatandikwa.

Nitaeleza kilichonipata niliposikia maneno hayo, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka. Nilikuwa nimechoka. Miaka yangu imepita sabini. Asubuhi ninamtia matone, ninakoka moto, ninachemsha uji, ninamshika mkono kwenda uani na kumrudisha. Ninasonga ugali, kazi ambayo mama yangu hakunifundisha kwa kuwa hakudhani nitaihitaji. Jioni matone tena. Usiku akiamka nami ninaamka. Kati ya hayo watu bado wananiita kuzika, kwa kuwa nimekuwa katekista wao tangu baadhi yao hawajazaliwa, na padre hawezi kufika kila kaburi. Binti aliposema "nitarudi naye", kitu fulani ndani yangu kilikaa chini, kama mzigo umeteremshwa. Sikumwambia mke wangu. Nilimwambia Mungu, ambaye alikuwa anajua.

Mke wangu alinirudishia simu.

"Nyasubi nitakuwa mgeni kwenye kochi," alisema. "Nitakaa wanipishe, wanishike, wanirudishe kwenye kochi. Hapa nikinyoosha mkono najua nitashika nini."

"Na mlango wa kabati, uliujua?"

"Huo ndio adui yangu pekee. Lipake rangi."

"Kabati?"

"Lipake nyeupe, nilione likija."

Sasa lazima niseme juu ya mninga. Nilipokwenda kusomea ukatekista tulifundishwa imani asubuhi na useremala mchana, kwa kuwa wakubwa wetu walijua kwamba anayewafundisha watu sala lazima ale kwa kazi nyingine. Kabati hili nilitengenezewa na mwalimu wangu wa useremala, mzee mkali aliyekuwa hapendi misumari, likawa zawadi ya ndoa yetu. Halina msumari hata mmoja kwenye fremu. Mbao zake zilikatwa kutoka gogo moja, hivi kwamba mistari ya mlango wa kushoto inaendelea kwenye mlango wa kulia kama maji yanayopita chini ya daraja. Kwa miaka mingi nilikuwa ninasema nitalikwangua na kulitia vanishi mpya, mistari ionekane tena. Ilikuwa kazi niliyojiwekea ya uzeeni. Kulipaka mninga rangi nyeupe, kwangu, kulikuwa kama kumvika mtu gunia.

"Mninga haupakwi rangi," nikamwambia.

"Kwani ulimuoa nani, mimi au mninga?"

Kesho yake nilikwenda Ushirombo kununua msasa, brashi, thina na rangi nyeupe ya mafuta.

Majirani walinisaidia kulitoa nje, chini ya upenu. Nililikwangua vanishi kuukuu kwa kipande cha kioo, kama nilivyofundishwa, maana kioo kilichovunjika vizuri kina makali yasiyochimba mti. Vanishi ilitoka kwa vijipande vilivyojikunja kama maganda ya vitunguu. Chini yake mistari ilitokea, myekundu na ya dhahabu, na nikaitazama kwa muda. Nilikuwa na ruhusa ya kuitazama siku moja. Jua la kiangazi lilikuwa kali, upepo ulileta vumbi la barabarani, na kila niliposimama kunyoosha mgongo nilisikia sauti kutoka ndani ikiuliza kama nimelala.

Rangi ya kwanza ilikauka na madoa mekundu. Mninga una damu yake, ukiupaka kitu cheupe inapanda juu. Nikapiga msasa, nikapaka tena, wekundu ukapanda tena, hafifu zaidi. Mti ulikuwa unakataa kwa adabu. Nilipaka mpaka ukakubali. Lakini miguu haikukauka hata kidogo. Nilishika mguu mmoja asubuhi, kidole kikatoka cheupe. Nikaushika jioni, vivyo hivyo. Nikangoja jua la siku nyingine, rangi ikateremka kwenye miguu kama maziwa ya mgando na kujikusanya chini.

"Rangi inagoma miguuni," nilimwambia mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu akichambua maharage kwa vidole.

"Itakaukaje, na miguu ina oili?"

"Oili gani?"

"Oili chafu. Ya magari. Kila mvua za kwanza naipaka."

"Tangu lini?"

"Tangu tumehamia hapa." Akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharage. "Wewe ulifikiri mchwa walikuwa wanakuheshimu kwa kuwa ni katekista?"

Nilicheka mpaka nikaweka brashi chini. Miaka yote ile niliwasimulia wageni kwamba mninga ni mti imara, hauliwi na wadudu, tazameni miguu hii. Naye alikuwa hapo hapo anawamiminia wageni chai, hasemi kitu.

Kila nyumba huku kwetu inafanya hivyo kwenye nguzo na milango, ningepaswa kujua. Nilichemsha maji yenye magadi, nikasugua. Nikapaka majivu ya moto, nikasugua. Nikatumia thina iliyobaki. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi mara ya kwanza na meusi mara ya mwisho. Oili iliyoingia kwenye mti kwa miaka, tena kwa upendo, haitolewi na mzee mmoja kwa kitambaa. Mikono ilinipasuka, na Jumapili iliyofuata nilipoinua mikono kuongoza sala waumini waliona vidole vyangu vyeusi. Nikaiacha miguu jinsi ilivyokuwa. Kabati likarudi ndani likiwa jeupe juu na jeusi chini, kama mtu aliyevuka tope na kanzu.

Lakini lilionekana. Nitakumbuka asubuhi ile. Mke wangu alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akageuza kichwa polepole kama anavyofanya sasa, akilitafuta tundu lake la kuonea. Kisha akanyoosha kidole kwenye ule ukuta wa kahawa.

"Nakuona," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. "Nakuona, mwizi wewe."

Akaenda moja kwa moja, akafungua, akatoa kikombe, akafunga. Siku zile chache alikuwa anachukua vyombo hata visivyohitajika. Nilikuwa ninakuta sahani sita mezani na sisi ni wawili. Nami nilianza kukaa nje baada ya chai badala ya kumfuata nyuma kama kivuli.

Ilipofika Alhamisi, zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Jumuiya yetu ndogo husali nyumba kwa nyumba, na karibu wote ni akina mama, kwa kuwa wanaume wa umri wao wako mashambani au wamefuata dhahabu Geita. Wanaingia na "Tumsifu Yesu Kristo" yao, sisi tunaitikia "Milele, amina", na kabla ya sala kuanza wameshaona kila kitu kilichobadilika ndani ya nyumba. Walilizunguka kabati. Mwenyekiti wao, mama mnene mcheshi ambaye mimi nilimfundisha Komunyo ya kwanza, alishika kiuno.

"Baba Katekista, kazi nzuri. Lakini umemleta bibi harusi, ukamsimamisha jikoni."

"Vipi?"

"Si ukuta huo! Mweusi kama sufuria la msiba."

Wakacheka wote, na mke wangu akacheka kuliko wote. Sala ikaanza, nikasahau.

Jumamosi niliitwa kuzika kijiji cha jirani. Nilikwenda kwa miguu, nikarudi alasiri jua likiwa mbele ya uso wangu, viatu vimejaa vumbi, koo limekauka kwa kuimba. Nikakuta ua umefagiwa, ndoo zimeoshwa na kugeuzwa, na akina mama wa jumuiya wamekaa kivulini wanakunywa togwa, mikono yao imekuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Walikuwa wamechota udongo mweupe kando ya lambo, wakaubeba kichwani mwendo wote ule, wakaukanda na kuupaka sebule nzima. Kuta zilikuwa laini, safi, zenye harufu ya mvua. Kabati walilisogeza, wakapaka nyuma yake, wakalirudisha mahali pake.

"Sasa anafanana na kwao," alisema mwenyekiti.

Sebule ilikuwa na mwanga kuliko siku zote nilizoishi ndani yake. Niliwashukuru kwa moyo. Nilipewa togwa, nikanywa. Waliondoka wakiimba.

Mke wangu alinyanyuka kwenda kurudisha vikombe. Alivishika kifuani, akavuka mlango wa sebule, akasimama. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia.

"Wamelipeleka wapi?"

"Nini?"

"Kabati. Wamelihamisha?"

Lilikuwa mbele yake, umbali wa hatua chache. Nami nilipotazama, nikitokea kwenye jua, nililiona kwa shida: weupe kwenye weupe, pembe zake zimeyeyuka ukutani. Kabla sijajibu alizipiga hatua hizo, akaligonga kwa bega, na vikombe viwili vikadondoka kwenye sakafu ya udongo. Havikuvunjika. Alisimama akiwa ameshika bega. Tangu aanze kuugua sikuwahi kumwona akilia kwa ajili ya macho, na siku ile pia hakulia. Alisema tu, "Bega si uso. Usimwambie mwanao."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilihisi uchovu ambao hauko kwenye mifupa. Nilifikiri: basi, na aende. Nimelikwangua, nimelipaka, nimelisugua, nimezika, nimetembea. Chumba Nyasubi kimetandikwa. Nikafikiri hivyo kwa muda ambao mtu anaweza kusali Baba Yetu, kisha nikamsaidia kukaa na kumkanda bega kwa maji ya moto.

"Nitapaka ukuta tena," nilisema. "Nitauchanganyia mkaa."

"Thubutu! Wale wamebeba udongo kichwani kutoka lambo. Wakija Alhamisi wakute umeufuta?"

"Basi nifanye nini?"

"Mimi sioni. Wewe ndiye fundi."

Kesho yake, niliporudi kutoka ibadani, nililitazama kabati kutoka mlangoni, nikiwa nimefumba jicho moja na kulizungushia lingine ngumi iliyo wazi kidogo, ili nione kama anavyoona. Ndani ya tundu lile dogo sikuona kabati. Nilichoweza kuona ni miguu tu. Ile miguu iliyokataa rangi ilisimama kwenye weupe wa ukuta, myeusi, dhahiri, kama miguu ya mtu aliyejificha nyuma ya shuka.

Ndipo nilipojua kazi inayofuata, na sikufurahi kuijua. Nilichukua kioo tena. Rangi niliyoipaka mara nyingi mpaka mninga ukakubali, nikaanza kuikwangua: kingo za milango, nguzo za pembeni, ukingo wa juu, kila mahali ambapo mtu anaweza kujigonga. Katikati nikaacha nyeupe. Kwenye kingo mti ulitokea tena, nikaupaka rangi ya mbao, ile nyembamba kama chai ya rangi, ambayo haifuniki mti bali inauingia. Nilipaka, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka tena mpaka ukawa mweusi kama kahawa iliyochemka sana. Mistari ilibaki inaonekana ndani ya weusi ukiinama karibu. Vanishi juu yake. Na mwisho, nikiwa bado nina kipande cha mbao mkononi, nikachonga kikomeo kidogo, kinachozunguka, nikakipigilia kwenye mlango ili usijifungue tena. Ulikuwa msumari wa kwanza wa kabati lile, na nilimwomba radhi mwalimu wangu aliyekwisha kufa.

Mke wangu alikipapasa kikomeo. Akakizungusha, akauvuta mlango. Haukufunguka.

"Hiki kimekuchukua muda gani?"

"Kidogo tu. Kabla ugali haujaiva."

"Ungekitia hiki tangu Jumapili ile, tungekuwa tumeshapumzika siku nyingi."

Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akatafuta kwa tundu lake, na nikaona uso wake unatulia.

"Hili sasa ni ng'ombe," alisema. Amezaliwa Samuye, kwenye boma la ng'ombe wengi, na mpaka leo anahesabu uzuri wa vitu kwa ngozi za ng'ombe. "Baba alikuwa na mmoja wa hivi, mweupe tumboni, mweusi pembeni. Hata jioni yenye vumbi ulikuwa unamwona. Wabeja, asante, mzee wangu."

Kuwa fundi aliyekusudia kuonyesha mistari ya mninga, na kuishia na ng'ombe wa madoa sebuleni, si jambo la kujivunia. Lakini niliosha brashi nikiwa na amani.

Binti alikuja mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Gari ilisimama nje, akamwacha dereva humo, akaingia na mkoba mkubwa, akautua, akapiga magoti kutusalimu, na kabla hatujaitikia vizuri alikuwa ameshaushika uso wa mama yake kwa mikono miwili na kuugeuza kwenye mwanga wa mlango, kama anavyoangalia kitambaa kabla ya kukinunua. Kovu la zamani lilikuwepo, limeshapona. Jipya halikuwepo. Bega lilikuwa ndani ya blauzi.

"Na hiki ni kitu gani?" aliuliza, akitazama kabati.

"Ng'ombe," alisema mama yake. "Kaa, nikupe chai."

"Mama, kaa wewe, nita..."

"Kaa."

Akakaa. Nami nilikaa, nikiwa nimeshika magoti yangu ili nisinyanyuke. Mke wangu alikwenda kwa mwendo wake, mkono mmoja mbele kidogo, akaufikia ukingo mweusi, akauteremkia kwa vidole mpaka kwenye kikomeo. Akakizungusha. Akatoa vikombe vitatu, akafunga, akakizungusha tena. Hakuharakisha. Nilimwona binti yetu ameacha kupumua, na nikajua kwamba hakuja kwa hasira, alikuja kwa hofu. Mke wangu akageuka, uso umejaa ushindi, akaanza kurudi kwetu kwa njia ile ile ambayo haijawahi kuwa na kitu tangu nilipojifunza kutokuacha kitu.

Mkoba ulikuwa katikati ya njia.

Alianguka kwa magoti yote mawili. Vikombe viwili vilipona, kimoja kikapasuka. Sote wawili tulimkimbilia, tukamshika kila mtu mkono wake. Hakuwa ameumia, magoti tu yaligusa udongo. Akatulia hapo hapo chini, akiupapasa mkoba kwa kiganja, zipu yake, mshipi wake.

"Huu ni wa nani?"

Binti aliinama kuokota vipande vya kikombe.

"Nauliza huu mzigo ni wa nani ndani ya nyumba yangu?"

"Ni wangu, Mama," alisema binti, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Haya." Akanyoosha mgongo. "Kwa kuwa nimeshafika magotini, tusali kabisa. Baba, anzisha."

Nikaanzisha. Nilipiga magoti upande mmoja, binti upande mwingine, mkoba ukiwa katikati yetu kama wa nne. Tulisali Salamu Maria, na kwenye "utuombee" nilisikia binti anacheka na kulia kwa pamoja, na mama yake akaendelea kusali kwa sauti ya juu zaidi ili kumfunika.

Baadaye binti alinifuata nje, nilipokuwa ninapasua kuni. Akalichukua shoka mkononi mwangu na kuliegemeza ukutani.

"Baba, kwangu kuna watoto," alisema. "Viatu viko mlangoni, mabegi ya shule, ndoo, baiskeli. Hata nikipiga marufuku."

"Ndiyo."

"Nilifikiri pale atakuwa salama kwa kuwa mimi nipo."

"Ungekuwepo dukani, mwanangu."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akaniangalia, na nikajua anayaona mashavu yangu yalivyoingia ndani na mikono yangu ilivyopasuka.

"Na wewe, umechoka?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Sijakuuliza kama unashukuru. Nimekuuliza kama umechoka."

Tumefundishwa, na mimi nimewafundisha wengine, kwamba manung'uniko huondoa baraka. Lakini swali lilikuwa la haki, na aliyeuliza nilimbeba mgongoni akiwa mgonjwa. "Nimechoka," nilisema. "Nimechoka sana, mayu."

Aliingia ndani, nikamsikia anapiga simu kwa mume wake kwamba gari itarudi na dereva peke yake, na duka aliangalie yeye, na atakaa huku kwa muda, kisha kila mwezi atakuwa anarudi huku. Nikamsikia mama yake akiuliza kwa ukali, "Unakaa kufanya nini?" na yeye akijibu, "Kupika. Wewe utaninyooshea kidole vyombo vilipo."

"Vyombo viko kwenye ng'ombe," alisema mke wangu.

Aliuweka mkoba wake uvunguni mwa kitanda, mbali kabisa na njia. Akaja kwangu, akaniondoa kwenye kigoda cha jikoni kama mtu anavyomwondoa kuku, akaniambia niende nikalale. Mchana! Nilijitetea kwamba ni karibu saa ya kusali Malaika wa Bwana. Akasema watasali wao. Nilikwenda, nikalala juu ya shuka nikiwa na viatu, nikasikia chungu kinafunikwa, nikasikia kikomeo kinazungushwa sebuleni, halafu tena. Kengele ya saa sita ilipopigwa kigangoni sikuisikia. Niliambiwa baadaye kwamba binti alitaka kuniamsha, na mama yake akamwambia aniache.